Nimerudi Tanga mikono mitupu na baba hanisemeshi. Nitaujengaje moyo mgumu?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 31, kwetu ni Ngamiani hapahapa Tanga. Mwaka 2019 nilikwenda Dar nikauza viatu Kariakoo, kwanza kwa kutembeza, baadaye nikapata fremu ya duka. Mwaka jana mtaji ulikata. Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili nilete mzigo, nikakopa kwingine kulipa ile ya kwanza, mwisho nikarudisha fremu na kuja nyumbani na begi moja. Nina miezi saba sasa. Baba ni fundi baiskeli. Zamani alikuwa fundi wa korona, ule mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, kwenye shamba la mkonge mpaka shamba likafungwa, mimi sijazaliwa. Tangu nirudi hanisemeshi zaidi ya salamu. Nikipita barazani anageuza uso kwenye gurudumu. Juzi alisema mbele ya watu, "Wenzake wanajenga." Mama ananiambia nivumilie. Mchumba wangu wa Dar naye hajibu ujumbe kama zamani. Usingizi sina, na naona mimi ni wa kufeli tu. Rafiki yangu anasema niwe na moyo mgumu, nisijali mtu. Nitaujengaje? Na je, hili deni lililobaki nimfiche baba?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu macho yangu yalisimama mahali pamoja: pale unaposema baba anageuza uso kwenye gurudumu. Nitaparudia.

Kwanza hilo la moyo mgumu. Nilikuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka 22 kabla sijawa mshauri nasaha, na kazi yote nimeifanya katika mkoa huu. Wenye moyo mgumu nawajua. Hawaji kwangu wakiwa na miaka 31. Wanakuja wakiwa na 55, mke amehamia kwa binti yao, na watoto wanapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Walichokifanya ujanani ndicho unachoshauriwa wewe leo: waliziba mlango ili maumivu yasiingie. Yakaacha kuingia kweli, na kila kitu kingine nacho kikaacha kuingia. Hilo sitakufundisha.

Unachohitaji ni ustahimilivu, na baba yako anaweza kukueleza tofauti yake kuliko mimi. Baiskeli inabeba mtu na gunia la mkaa juu yake, lakini ringi peke yake, hata iwe ngumu namna gani, haiwezi mzigo huo. Kinachobeba ni zile njiti, kila moja inavuta upande wake, uzito unagawanyika. Njiti zikilegea, ringi ileile inaanza kucheza, na baada ya siku chache imepinda.

Mwaka 1955, katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti walianza kuwafuatilia watoto waliozaliwa kisiwani mwaka huo, watoto 698. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuata tangu tumboni mwa mama zao mpaka utu uzima. Baadhi yao walizaliwa katika umaskini mkubwa, kwenye nyumba za ugomvi, ulevi au wazazi wagonjwa. Wengi wa hao waliobebeshwa mizigo mingi walipata shida kubwa baadaye, lakini karibu theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo, wenye kujiamini, wanaojali wenzao. Werner alitafuta kilichowatofautisha. Moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Njiti moja iliyokazwa vizuri.

Wewe umeniandikia barua nzima bila kutaja hata mtu mmoja uliyekaa naye ukamweleza haya. Rafiki yako anakupa maneno. Sina hakika kama anakupa masikio. Kabla hatujafika kwa baba, nenda ukamtafute huyo mtu. Pesa hata asiwe nazo. Awe mtu ambaye ukimaliza kusema hakimbilii kukuambia cha kufanya. Mara nyingi ni mtu ambaye hukumfikiria: mama mdogo wa Muheza, mzee wa duka la jirani, mwalimu aliyekufundisha darasa la saba.

Sasa tazama neno ulilolitumia. "Mimi ni wa kufeli." Kiswahili chetu kina herufi moja yenye hatari: ukiibandika m- mbele ya tendo, tendo linageuka mtu. Anayelima tunamwita mkulima, na hakuna ubaya. Lakini aliyelewa mara moja tukimwita mlevi, usiku ule mmoja umekuwa yeye mzima. Ndivyo ulivyojifanyia. Biashara ilifeli: hilo ni tukio, lina mwezi na mwaka, lina sababu zake. "Mimi ni wa kufeli" halina tarehe, kwa hiyo halina pa kuishia.

Mwaka 1998 Carol Dweck na Claudia Mueller, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi wakayaweza. Baadhi wakasifiwa kwamba wana akili, wengine wakasifiwa kwamba wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliokuwa wameambiwa wana akili ndio waliovunjika zaidi: hamu ya kuendelea ikapungua, na waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Fikiri, mwanangu: waliumizwa na sifa. Ilikuwa imebandikwa kwenye nafsi yao, kwa hiyo siku waliposhindwa, nafsi ndiyo iliyoshindwa. Na wewe najua ulivyoondoka hapa mwaka 2019. Mtaani walisema kijana yule mjanja, kijana yule ana kichwa cha biashara. Hilo ndilo linalokuuma sasa, kuliko viatu.

Niwe mkweli kwako: jambo hili la mtazamo, kwamba uwezo hukua kwa juhudi, limeuzwa sana, na kuna watu wanapita wakihubiri kwamba ukibadilisha fikra tu utakuwa tajiri. Tafiti kubwa zilizofuata zimeonyesha kwamba faida yake kwa wanafunzi ipo, lakini ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Mtazamo haulipi kausha damu. Unachokifanya ni kukupa nafasi ya kutazama kilichovunjika bila kukimbia.

Na namna ya kukitazama unaiona kila siku barazani kwenu. Baiskeli ikiletwa imeharibika, baba yako hasemi "hii ni baiskeli ya kuharibika." Anaipindua, anazungusha pedeli, anasikiliza inagonga wapi. Fanya hivyo kwa fremu yako. Kodi ilikuwa kiasi gani, mzigo uliingia lini, uliuza jozi ngapi kwa wiki, mkopo ulitakiwa urudi baada ya siku ngapi. Mimi si mfanyabiashara, lakini katika mistari yako michache naona kitu: ulichukua pesa ya kurudisha haraka ukaiweka kwenye mzigo unaotoka polepole. Kama ndivyo, kilichovunjika kina jina. Kijana anayekijua hayuko sawa na yule aliyepanda basi mwaka 2019 bila kukijua.

Andika. Usiwaze tu kitandani, maana kitandani mawazo hayana mwisho wa ukurasa. James Pennebaker, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, mwaka 1986 alichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Siku zenyewe za kuandika wengi walijisikia vibaya, wengine walilia. Lakini miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Chukua daftari la shule, andika usiku nne, dakika 15, kisha funga. Hakuna atakayelisoma. Ukitaka, lichome.

Nije kwa baba.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, ikiwa ya kwanza duniani, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu wa Tanga. Kisha kamba za plastiki zikalishika soko la dunia, bei ikaanguka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, mitambo ikazeeka bila vipuri, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka karibu tani 20,000. Ukizisoma hizo namba haraka ni uchumi. Ukizisoma taratibu ni wanaume wanaotoka kwenye lango la shamba asubuhi moja na hawana pa kwenda.

Na baba yako hakuwa mkataji. Alikuwa fundi wa korona. Majani ya mkonge yakishakatwa hayangoji. Yasiposindikwa mapema singa, zile nyuzi zake, zinaharibika. Korona ikisimama, shamba zima linasimama: wakataji wanakaa chini, matrekta yanakaa yamejaa, wasimamizi wanapiga kelele, na wote wanamtazama mtu mmoja mwenye spana. Huyo alikuwa yeye. Halafu siku moja korona ikasimama na hakuna aliyemwita aje kuitengeneza. Wewe hukuwepo. Ulizaliwa ukamkuta anaziba pancha barazani, ukadhani ndivyo alivyoanza.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa ambalo sote tunalifanya. Mwenzangu akikosea, nasema ni tabia yake, na hali iliyomkuta siioni. Lakini nikikosea mimi, nasema ni hali iliyonikuta. Mtu akinipita pale Mkwakwani bila salamu, anajiona. Mimi nikimpita mtu bila salamu, nilikuwa na mawazo. Hukumu ni mbili, na ile nyepesi siku zote tunajiwekea wenyewe. Rudi kwenye barua yako. Ya kwako umeyaeleza kwa hali: mkopo, mzigo, mtaji kukata. Ya baba umeyaeleza kwa uso wake uliogeuka. Huenda naye anafanya hivyohivyo huko barazani: anaona kijana aliyelala mpaka saa nne, hajui kwamba kijana huyo alipata usingizi saa kumi alfajiri.

Pengine akikuona umerudi na begi moja anajiona yeye mwenyewe akitoka langoni. Pengine ukimya wake ni woga, au ni haya ya kukosa cha kukupa. Mzee wa pwani asiye na cha kumpa mwanawe mara nyingi hujificha ndani ya kazi za mikono.

Lakini sasa simama hapo, maana nimefanya jambo ambalo nataka wewe usilifanye. Yote hayo ya pengine ni makisio yangu. Sijamwona baba yako. Na hata ningekuwa ninaishi naye, makisio yangebaki makisio. Mwaka 2018 Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha majaribio 25 kuhusu ushauri tunaoupenda sana sisi washauri, ule wa "jiweke kwenye nafasi ya mwenzako." Walikuta kwamba mtu akijiweka kwenye nafasi ya mwenzake kwa kuwaza tu, hajui zaidi yaliyomo moyoni mwa huyo mwenzake. Katika baadhi ya majaribio alizidi kukosea. Kilichosaidia ni kumwuliza na kumsikiliza. Na utafiti mwingine wa mwaka 2011, ambao Epley naye alishiriki, ulionyesha kwamba wanandoa walijiamini mno kuwa wanaelewana, kumbe hawakuelewana zaidi ya watu wasiojuana. Ukaribu unatupa uhakika, hautupi ujuzi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tunaishi ndani miaka 30 tukiutazama mlango.

Hili nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Mama yetu alipofariki, dada yangu mkubwa aliyeolewa Pangani alikuja kwenye maziko, lakini arobaini hakuja. Nilijua kwa nini. Nilijua ni kiburi, maana tulikuwa tumepishana kuhusu kitanda cha mama. Miezi 11 sikumpigia simu, na nikipigiwa na watu wa huko nilikuwa siulizi habari zake. Tukakutana harusini Muheza, tumekaa jikoni tunamenya vitunguu, akaniambia bila mimi kumwuliza: tulipanga kila mtoto atoe mchango wa shilingi 50,000, na mwezi ule mashua ya mumewe ilikuwa imevunjika. Hakuwa nayo. Aliona haya kuja mikono mitupu mbele ya wakwe. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali, damu yangu sikuiuliza. Miezi ile 11 hairudi, na hainitoki.

Kwa hiyo muulize baba. Namna ya kumwuliza ndiyo kazi yenyewe, na hapo nitakaa kidogo.

Usimwambie "baba, nataka tuongee." Kwa wazee wetu neno hilo ni wito wa kesi, atavaa silaha kabla hujaketi. Usiulize kwa nini hakusemeshi, maana swali hilo linamtaka ajitetee, na mtu anayejitetea hasemi ukweli hata kama anaupenda. Ngoja baada ya Alasiri wateja wakipungua. Chukua kigoda, kaa ubavuni mwake, wote mkitazama baiskeli. Wanaume wengi niliowahudumia walifunguka wakitazama kitu kingine. Ukikaa nao uso kwa uso wanakauka. Shika tairi anapolivalisha. Siku ya kwanza usiulize chochote. Akikusemesha kuhusu tairi, jibu kuhusu tairi.

Siku ya pili au ya tatu, muulize habari zake, si zenu: "Baba, korona iliposimama, ule mwezi wa kwanza uliishije?"

Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu na utataka kuujaza. Usiujaze. Akisema "tuliishi tu," pokea, endelea na kazi, rudi kesho. Akianza kusimulia, usimkatize na habari za Kariakoo, usiseme "na mimi ndivyo ilivyonikuta." Hiyo ni zamu yake. Mrudishie tu ulichosikia, kwa maneno yake: "Kwa hiyo ulikuwa unatoka asubuhi kama unakwenda kazini." Mtu akisikia maneno yake yamerudi bila kupindwa, anaongeza mengine. Hilo nimeliona kwa wagonjwa, kwa mahabusu, kwa maharusi.

Inawezekana asifunguke kabisa. Basi tumia njia yetu ya siku zote, mtu wa kati: baba mkubwa, mjomba, mzee wanayekunywa naye kahawa barazani. Vitabu vingi vya Marekani vinasisitiza mtu aseme mwenyewe moja kwa moja, na kwa mambo mengi nakubaliana navyo, lakini mzee anayelinda heshima yake anahitaji mlango wa nyuma wa kutokea, na mtu wa kati ndiye mlango huo. Ila usimtume akashitaki. Mtume aseme jambo moja: "Kijana anatamani kujua ulivyopita kipindi kile."

Kumwelewa hakumfanyi awe na haki katika kila alichosema. "Wenzake wanajenga," mbele ya watu, ni neno la kudhalilisha. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi Seattle, aliona kwamba katika yote yanayovunja nyumba, dharau ndiyo mbaya kuliko zote, na sidhani kama dharau ya mzazi ina sumu kidogo. Kwa hiyo usilimeze. Lisubiri lipoe siku mbili tatu, kisha mkiwa wawili mwambie: "Baba, juzi uliposema wenzake wanajenga mbele ya wateja, niliona haya sana. Nikikosea nakuomba uniambie tukiwa wawili." Tukio, ulivyoumia, unachoomba. Maneno kama "kila siku" au "wewe huwa" yaache, maana yale ndiyo ile m- niliyokuambia, safari hii unambandika yeye.

Hapa kuna neno la mama, "vumilia." Mama anakupenda, na huenda kuvumilia ndiko kulikomfikisha hapo alipo. Lakini mimi neno hilo naliogopa, na wasomaji wengine wanisikie. Nimewahudumia wanawake waliopigwa miaka kumi kwa jina la mvumilivu hula mbivu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iseme nini. Anayepigwa simpi zoezi la kumwelewa anayempiga. Namwelekeza dawati la jinsia polisi, na namwomba ahakikishe ana pa kulala usiku huo. Kuelewana ni kazi ya watu wawili walio salama. Kwako wewe, baba yako amekuumiza kwa neno na kwa ukimya, hajakuhatarisha. Ndiyo maana nakutuma barazani kwake.

Mchumba. Nitasema machache, kwa kuwa uliandika mstari mmoja. Unasema hajibu kama zamani. Fungua simu uhesabu: nani alianza kujibu kwa neno moja? Gottman huyohuyo aliwatazama wanandoa wapya kwenye mambo madogo kabisa, mmoja akisema "tazama ndege yule" na mwenzake akageuka kutazama au asigeuke. Miaka sita baadaye, waliobaki pamoja walikuwa wamegeukiana mara 86 katika 100. Walioachana, mara 33. Naogopa kwamba wewe, kwa haya, ndiye uliyeacha kugeuka tangu ulipopanda basi, na binti wa watu anasoma ukimya wako kama wewe unavyousoma wa baba. Mwandikie ukweli wote mara moja, deni likiwemo. Akiondoka baada ya hapo, utakuwa umejua. Sasa hivi hujui.

Usingizi usiuchukulie kirahisi. Miezi saba ni mingi. Kule Zimbabwe, kwa Kishona, wanayo hali wanayoiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na nina hakika umeielewa bila mimi kuifafanua. Sisi tunasema fulani ana mawazo. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa na wenye hali hiyo kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulitatua tatizo moja, moja tu, kabla ya kugusa jingine. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio la watu 573 yalichapishwa, na waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili za sonona chache sana kuliko wenzao baada ya miezi sita. Tatizo moja. Wewe umelala na manne kitandani: baba, deni, mchumba, jina lako mtaani. Leo usiku chagua moja.

Na kama usingizi hauji hata ukiwa umechoka, au hamu ya kula imekwisha, au limewahi kukujia wazo kwamba heri usiwepo, usisubiri barua yangu nyingine. Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, useme unataka kuonana na watu wa afya ya akili. Sema hivyohivyo dirishani. Nimekaa upande wa pili wa dirisha lile, hakuna anayekucheka.

Uliuliza kama umfiche baba deni. Usimfiche, lakini usimwambie leo. Kausha damu huwa hawaishii kwenye simu. Wanafuata mpaka nyumbani, na ukisubiri atalisikia kutoka kwa mgeni aliyesimama barazani mbele ya wateja, nawe utakuwa umemfanyia alichokufanyia. Kwanza liandike lote kwenye daftari: nani anadai, kiasi gani kilichobaki, riba imefika wapi, karatasi uliyosaini inasemaje. Watafute wanaokudai kabla hawajakutafuta, uwaombe ratiba unayoiweza kweli, hata iwe ya shilingi 5,000 kwa wiki, na makubaliano yaandikwe. Kisha nenda kwa baba ukiwa na jumla na mpango, usiombe pesa, mwambie tu ulivyopanga. Na kama mkono wako umezoea tairi kufikia hapo, muulize kama kuna baiskeli za asubuhi anazoweza kukuachia.

Ukishaipata hiyo jumla niandikie. Na ukiandika, niambie baba alijibu nini kuhusu ule mwezi wa kwanza.